Namba ya Akina Mama

Mimi si daktari, ingawa kwetu upande wa Merigi mtu yeyote anayebeba mkoba wenye glavu na kadi za kliniki huitwa daktari. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Nina vichaka vyangu vya chai, ng'ombe wawili wa maziwa, na nyumba kama mia moja ninazotakiwa kuzitembelea ili nijue nani ana mimba, nani anakohoa, mtoto yupi hajapata chanjo. Kazi hii niliianza mwanangu wa mwisho alipoingia shule ya msingi, na sasa ana ndevu. Naandika haya kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyetufia mikononi, na kwa sababu ya mambo tuliyoyafanya wenyewe kabla hajafa, ambayo watu wa kwetu hawapendi kuyataja.

Kabla ya kampuni kuja tulikuwa na utaratibu wetu. Waendesha bodaboda wa steji ya sokoni walikuwa na chama, na mwenyekiti wao alikuwa mtu mfupi, wa maneno machache, ambaye mke wake aliwahi kujifungulia kando ya barabara. Alikubaliana na sisi wanawake kwamba kila wiki waendeshaji wawili wawe wa zamu. Wa zamu hakwenda mbali na soko, hakunywa, na tanki lake halikukaa tupu. Namba zao ziliandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa kibanda cha kununulia majani chai, na kila Jumatatu zilifutwa zikaandikwa nyingine. Mimi nilikuwa na daftari: nyumba ya nani, mwezi gani, nani alipasuliwa uzazi uliopita, nani ana presha. Mara nyingine tulipiga simu na hakuja mtu. Mara nyingine pikipiki ilikwama kwenye tope la mteremko wa mtoni, tukambeba mama kwa machela ya magunia hadi ng'ambo. Sisemi kwamba mambo yalikuwa mazuri. Nasema tu kwamba tulijuana.

Kampuni ilikuja msimu wa mvua ndefu. Walikuwa watu watatu kutoka Nairobi, na gambuti zao zilikuwa mpya, moja bado ina karatasi ya dukani. Tuliitwa kanisani. Mwanamke aliyewaongoza alizungumza vizuri, bila kutudharau. Alisema kila mjamzito ataandikwa kwenye simu, na kutakuwa na namba fupi ya tarakimu nne ya kupiga bure. Sauti itajibu kwa Kiswahili au kwa Kipsigis, na mtambo utajua ni pikipiki gani au gari gani liko karibu. Anayembeba mama atalipwa na kampuni. Sisi wahudumu tutapewa simu kubwa, waendeshaji watapewa jaketi.

Mwenyekiti wa steji alisimama. "Bure?"

"Bure kabisa, mzee."

"Na nyinyi mnakula nini?"

Kanisa zima lilicheka. Yule mwanamke naye alicheka, akasema wana wafadhili na wawekezaji wanaoiamini kazi hii. Mwenyekiti alikaa chini. Nakumbuka kwamba nami nilimcheka, tena kwa sauti.

Lazima niseme ukweli: kwa karibu miaka miwili, kazi ya kampuni ilikuwa nzuri kuliko yetu. Gari lenye paa lilifika hadi kwenye geti. Kuna mama wa mapacha aliyetoka damu saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita alikuwa kitandani hospitalini, ameshaongezwa damu. Jirani zangu waliiita ile namba fupi namba ya akina mama. Watoto waliijua kama wanavyojua namba ya simu ya baba yao.

Katika miaka hiyo miwili, kile tulichokuwa nacho kilikufa polepole bila mtu kukizika. Waendeshaji walitia sahihi karatasi iliyowakataza kumbeba mjamzito nje ya mtambo. Kila safari walipewa nyota, na mwenye nyota chache alipata safari chache, basi wakaanza kuoneana kijicho na kusengenyana. Mikutano ya chama ikaisha. Mwenyekiti alikataa kutia sahihi. Akakaa stejini akiwatazama wenzake wakiitwa na simu zao, mpaka akauza pikipiki, akateremka upande wa Fort Ternan kupakia miwa. Ukuta wa kibanda cha majani chai ukapakwa rangi ya tangazo la kampuni.

Na daftari langu? Ofisa mmoja wa kampuni aliniambia, "Mama, karatasi ni mambo ya zamani. Kila kitu kiko kwa sistimu." Asubuhi moja ya baridi kuni zilikuwa mbichi. Nikachana kurasa za daftari moja moja, nikawashia moto wa chai. Hakuna aliyenilazimisha.

Mwanamke ninayemzungumzia alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kwao kulikuwa Fort Ternan. Alichuma chai haraka kuliko wanawake wote wa upande wetu, na kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mume wake alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha chai. Uzazi wa kwanza alivuja damu nyingi baada ya mtoto kutoka, na mtoto hakuishi. Alipopata mimba ya pili alikuwa na hofu, akawa ananijia kila wiki hata pale ambapo hakukuwa na la kumwambia. Nilimwonyesha kwenye simu alama nyekundu iliyokuwa kando ya jina lake.

"Unaona? Wewe umewekwa nyekundu. Ukipiga tu, watakuja mbio."

"Hata mume wangu akiwa kazini?"

"Hata akiwa wapi."

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, baada ya mvua ya mawe. Zile mvua zetu zinazoacha chini kumekuwa kweupe na majani ya chai yametobokatoboka. Mama mkwe wake alikuja kwangu akikimbia, kitambaa cha kichwa mkononi. Uchungu ulikuwa umeanza asubuhi, wakadhani bado, halafu maji yakapasuka na mambo yakaenda kasi. Nilibonyeza simu nikiwa bado mlangoni. Duara likazunguka. Nikabonyeza tena, likazunguka. Tulipofika kwake alikuwa amepiga magoti, ameshika kitanda, na simu yake ndogo iko sakafuni, inasema kwa sauti ya mwanamke mpole kwamba namba aliyopiga haitumiki.

Nilidhani ni mtandao. Nilipanda kwenye ukingo wa barabara, mahali ambapo mtandao haukosi. Nikapiga zile tarakimu nne kwa simu yangu mwenyewe. Haitumiki. Nikapiga tena.

Hapo ndipo nilipoukuta ujumbe wa kampuni. Ulikuwa umeingia siku nane kabla, kwa Kiingereza, mrefu. Ulitushukuru kwa safari tuliyosafiri pamoja, na ulipofika karibu na mwisho ulisema huduma katika eneo letu itafungwa mwisho wa juma. Ulipoingia nilisoma mwanzo tu, nikaona shukrani, nikaufunga. Nilikuwa nimezoea kushukuriwa na ile simu.

Nilianza kutafuta namba za waendeshaji, nikakuta sina. Kwenye mtambo wa kampuni tuliona jina la mwendeshaji na nyota zake tu, namba yake ilifichwa. Kichwani nilikumbuka mbili za zamani. Ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili ilishikwa na mtu aliyekuwa Litein na abiria.

"Mama, mimi nilitoka kwa hiyo maneno ya wamama. Waambie hao wa ofisi watume mtu."

"Ofisi haiko."

"Ati haiko?"

"Haiko. Nani mwingine yuko stejini?"

"Sijui, mama. Siku hizi hatujuani."

Nilimpata mwenye pikapu ya kubeba maziwa. Alikuwa ng'ambo ya mto na hakuweza kushuka, kwa kuwa barafu ya mvua ilikuwa imeifanya njia iwe kama sabuni. Akasema atatungoja juu, kwenye mikaratusi. Tukatoa mlango wa zizi la ndama, tukautandikia magunia, tukamlaza. Tulikuwa wanawake watano na baba mkwe wake. Tuliteremka kwa makalio sehemu nyingine, tukiuburuta ule mlango.

Kabla ya kufika mtoni aliniuliza, "Wamesema wako wapi?"

Nikamwambia, "Wako njiani."

Mtoto alizaliwa ng'ambo, tukiwa bado hatujamaliza kupanda. Alikuwa msichana, akalia mara moja. Nikamfunga katika sweta yangu na kumpa nyanya yake. Kisha damu ikaanza. Nililisugua tumbo kama nilivyofundishwa, nikamwambia amnyonyeshe mtoto ili tumbo likaze, nikafanya yote yaliyokuwa kwenye mafunzo. Tulimwingiza nyuma ya pikapu, kati ya mitungi ya maziwa, na mimi nikakaa na kichwa chake mapajani. Alikuwa baridi sana. Aliongea na mama yake mzazi, ambaye hakuwepo. Tulipofika lami midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na kabla ya kuona geti la hospitali nilijua kwamba nimeshika mtu aliyekwisha kwenda. Sikumwambia dereva. Aliendelea kukimbiza gari na kupiga honi, na mimi nilimwacha.

Mume wake alipata habari alipotoka zamu, kwa kuwa kiwandani simu hufungiwa kabatini. Alinikuta kwenye benchi la nje ya hospitali.

"Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Wakasema nini?"

"Hawakusema kitu."

Alikaa kando yangu, nguo zake zikinuka chai mbichi. Kisha wakamwita kwenda kumwona.

Baada ya mazishi nilitafuta ofisi ya kampuni kwa simu, siku baada ya siku. Mwishowe akanijibu mwanamume mwenye adabu. Alinipa pole, nadhani kwa moyo. Alisema wenye mtaji waliamua kuelekeza nguvu mijini, ambako wateja wanaweza kulipa, na kwamba taarifa ilitolewa kwa wakati. Nilimwomba kitu kimoja tu: orodha ya wanawake wangu na miezi yao, kwa sababu nilikuwa nimebaki bila hata karatasi.

"Hiyo data ni mali ya kampuni, mama. Siwezi kukutumia."

"Lakini ni mimi niliyeiandika. Nyumba kwa nyumba."

"Naelewa, mama. Pole."

Miezi michache ikapita. Siku moja yule mume alinijia shambani, akanipa simu ya marehemu mke wake nisome. Ulikuwa ujumbe wa watu wanaouza vitu vya watoto. *Mama, wiki hii mtoto wako ameanza kuitambua sauti yako.* Chini yake kulikuwa na bei ya maziwa ya unga.

"Hii wamejua aje mtoto ako na umri gani?" aliuliza.

 Tarehe ya kutarajia kujifungua ni mimi niliyeiingiza. Orodha ilitoka mkono upi ikaingia mkono upi, hatukuwahi kujua.

Mambo ya kuanzisha namba yetu wenyewe yalianza kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha maziwa, baada ya watu kumaliza kulalamika kuhusu jokofu. Kuna mzee mmoja Mgusii aliyekuja huku akiwa kijana kufanya kazi kwenye mtambo wa simu wa shamba kubwa la chai, akastaafu, akanunua ekari yake, sasa huleta maziwa kama sisi. Alisimama akasema kompyuta ya kupimia maziwa hufanya kazi asubuhi tu, halafu hukaa bure mpaka kesho yake. Akasema kuna programu za simu ambazo watu wa sehemu mbalimbali wameziandika na kuziacha wazi, yeyote azichukue, azibadilishe, bila mwenyewe kuja kumfungia. Laini moja ya simu ingetosha. Mama akipiga, mashine iwatafute waendeshaji wa zamu mmoja baada ya mwingine. Majina yakae kwenye kabati letu, na kila mwezi yachapishwe kwenye karatasi.

"Na siku ikiharibika?" mtu aliuliza.

"Itaharibika," alisema mzee. "Lakini atakayeifunga itabidi asimame hapa mbele yenu, mumwangalie."

Waendeshaji ndio walikuwa shida. Hawakuaminiana, na sisi hawakutuamini. Nilitumwa Fort Ternan kumtafuta mwenyekiti wa zamani. Nilimkuta kwenye mizani ya miwa, amekonda, mikono imejaa mikwaruzo. Nilimweleza yote, hata habari za daftari.

"Mlinicheka," alisema.

"Tulikucheka."

"Hata wewe."

"Hata mimi. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuomba urudi."

 Kurudi alikataa. Alisema stejini hana uso wa kuwaonyesha wale watu, wala wao hawana wa kumwonyesha yeye. Lakini alinipeleka kwenye kibanda cha chai, akanieleza alivyokuwa akifanya. Kwamba zamu ipangwe mbele ya wote. Kwamba anayekosa zamu aulizwe na wenzake, si na mwanamke, wala na mashine. Kwamba aliyefiwa au aliye na mgonjwa asipangiwe wiki hiyo.

"Msianze na hiyo kompyuta," aliniambia akinisindikiza. "Anzeni na watu. Kompyuta haiwezi kumwonea mtu aibu."

Tukaanza na watu. Ilichukua miezi kuwapata waendeshaji sita waliokubali, na wawili kati yao walitoka tena. Mzee wa simu alikaa na ile kompyuta alasiri nyingi, miwani kwenye ncha ya pua, akipigia wenzake wa mbali simu za kuulizia maswali. Tuliandika sheria. Wanaosimamia wawe saba, wawili wawe wanawake ambao bado wanazaa, na majina ya akina mama yasipewe mtu wala kuuzwa bila mkutano mkuu. Nikazunguka tena nyumba zote mia moja na daftari jipya. Katika nyumba nyingine nilifungiwa mlango. Mama mmoja aliniambia dirishani, "Jina langu ulishaliuza mara moja." Nikaenda nyumba iliyofuata.

Haifanyi kazi kama ya kampuni. Umeme ukipotea zaidi ya saa chache, betri inaisha na sisi tunarudi kwenye namba za mkaa, ambazo tumeziandika tena ukutani. Mara ya kwanza iliposhindwa, mama mmoja alingoja saa mbili, mtoto akafia tumboni. Tulikutana kwenye kituo cha maziwa, wale saba na mwendeshaji aliyekuwa wa zamu. Tukakaa mbele ya mama yule na mume wake, tukaeleza kilichotokea, kila mmoja sehemu yake. Mwendeshaji alilia. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, nimesikia," akainuka akaenda. Sidhani kwamba ilimsaidia. Najua tu kwamba yule aliyefia mikononi mwangu hakupata hata hicho, na mume wake hakupata.

Kisha ikaja kampuni nyingine, yenye jaketi za rangi nyingine. Mkutano ukaitwa, watu wakajaa mpaka nje. Waliahidi gari lenye paa. Nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi, lakini yule mume alinitangulia kusimama.

"Mimi naomba tuwakubali hawa," alisema. "Gari ya ile kampuni ingekuja siku ile, mke wangu angefika. Nyinyi mnaongea mambo ya chama. Mimi naongea gari."

 Ilibidi nisimame baada yake.

"Anasema kweli," nilisema. "Gari lingekuja, angefika. Lakini halikuja, na hakuna aliyetuuliza kabla ya kulizuia. Walipokuja tuliwapa kila kitu, majina, waendeshaji, hata ukuta. Walipoondoka waliondoka navyo. Mimi nitakubali gari la mtu yeyote, lakini orodha na zamu zibaki hapa."

Mwakilishi wao alisema haiwezekani, mtambo wao haufanyi kazi na orodha ya watu wengine. Kura ikapigwa kwa mikono. Tulishinda kwa mikono michache, na nikiwatazama wengine nilijua kwamba waliinua kwa sababu ya kunionea haya. Yule mume hakuinua upande wowote. Wiki iliyofuata alimpeleka mtoto kwa wazazi wa marehemu, Fort Ternan, akalelewe huko. Bado analeta maziwa kila asubuhi. Hunisalimu kwa kichwa.

Kampuni ile mpya ilienda kata ya jirani, ng'ambo ya barabara kubwa. Mwaka huu mmoja wa wanawake wangu, mimba ikiwa ya miezi minane, alihamia kwa dada yake wa huko ili apate lile gari. Alijifungua salama, mtoto mzito, mwenye nywele nyingi. Nilimpelekea uji na maziwa, nikamshika mtoto, nikafurahi kwa kweli. Gari lilimfikia kwa dakika chache, aliniambia, na dereva alikuwa na adabu.

Nilimwuliza kama waendesha boda wa huko bado wana chama chao.

Alisema hajui. Huko, alisema, huhitaji kumjua mtu, unabonyeza tu.